Mvi za Wamalwa

Benchi yetu iko Matisi, kando ya mashine ya kusaga mahindi. Mwenye kahawa ni Osman, na birika lake lina tangawizi nyingi kuliko kahawa. Hapa kila mtu ana jina la benchi. Khaemba tunamwita Profesa, kwa sababu alifundisha darasa la tatu miaka mingi na bado hajaacha kutufundisha. Wamalwa, fundi wa baiskeli, ni Spana. Mimi naitwa Kofia. Wiki nzima Spana alikuwa akitupitishia hapa kichwa chake kipya, cheusi ti, kinyozi amempaka piko hadi ndevu. Lakini Jumatano alikaa bila hata kusalimia.

Osman: Spana, mambo ya kwenu Bokoli yalienda aje?

Spana: Vibaya. Jana watu wa Kimaiyo walitoka Moi's Bridge kuposa Pauline. Baba yake, ndugu yangu, ni marehemu, kwa hivyo mwenye kumsemea huyo mtoto ni mimi. Mzee wao akaniangalia, akauliza, kijana, mzee wa hapa yuko wapi?

Profesa: Ukasema?

Spana: Kwanza nilifurahi, bana. Sitadanganya. Mara ya mwisho kuitwa kijana nilikuwa na meno yote.

Osman: Alafu?

Spana: Nikamwambia mzee ni mimi, hii ni piko tu. Akasimama. Ati mtu akituficha umri wake, atatuficha nini tena? Wakaenda, kuku iko mezani. Hata filigisi hawakugusa. Watarudi Jumamosi, mara moja tu. Wasipopata mzee, basi, hiyo ndoa imekufa.

Roho iliniuma. Pauline namjua tangu abebwe mgongoni, na huyo Kimaiyo amemngoja miaka.

Profesa: Na hiyo piko ulipaka ya nini?

Spana: Kanisani mama fulani alinipisha kiti. Ati kaa hapa, kuka. Mtu mzima, ana watoto wawili, ananiita babu yake!

Profesa: Zamani ungemshukuru. Baba yangu alijiongezea miaka ndio apewe mrija kwa chungu ya busaa, pombe ya wazee. Mvi ya kwanza ilipotoka, alizunguka nayo kijiji kizima akionyesha watu.

Osman: Ni simu imeharibu. Zamani mtu hakujiona uso. Sasa unajipiga picha asubuhi, unajipiga jioni. Si lazima uogope?

Profesa: Si simu. Ni unga. Mahindi ilisagwa kwa jiwe, mtu anazeeka kutoka ndani. Hii ya mashine inazeesha ngozi pekee. Ndani unabaki na miaka ishirini.

Osman: Huko mbele watu watazeeka kwa zamu. Mwaka huu wewe, mwaka ujao mimi.

Spana: Haraka haraka haina baraka. Mimi nilitaka tu kuzeeka polepole.

Osman: Sasa osha na ndimu.

Spana: Nimeosha mpaka na sabuni ya kufulia. Imekataa.

Profesa: Nyoa kipara.

Spana: Kwetu ukinyoa hivyo umetoka kuzika. Nikaribishe wakwe na kichwa cha matanga?

Osman: Paka unga.

Spana: Na hii mvua ya saa tisa? Nitakuwa uji mbele ya watu.

Osman: Si nyinyi watatu ni ukoo moja? Profesa aende. Penye wazee haliharibiki neno.

Profesa: Mzee ni nani? Mimi ni mtu wa makamo.

Spana: Profesa, wewe ulitahiriwa mimi bado nachunga ndama.

Profesa: Hiyo ni kutahiriwa, si kuzeeka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hatukujua hiyo methali ilitafuta nini hapo.

Osman: Na wewe, Kofia?

Nikasema Jumamosi napalilia. Shamba lenyewe nilishalipalilia.

Ndipo Pauline mwenyewe akatokea upande wa stendi, begi begani, macho mekundu.

Pauline: Habari zenu, wazee.

Hakuna aliyeitika. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Akarudia kwa sauti, akidhani hatukusikia, na Osman peke yake akasema nzuri.

Pauline: Baba, mama amenituma. Anasema kwa hii benchi yenu hakuwezi kosa mzee wa ukoo wa kunisemea Jumamosi. Mzee hapa ni nani?

Spana akaangalia viatu vyake. Profesa akaangalia barabara, ungedhani anangoja mgeni. Mimi nikavuta kofia mpaka masikioni, maana chini yake ni weupe mtupu.

Pauline: Ama niende niwaambie kwetu wazee wameisha?

Osman akaanza kukusanya vikombe.