Mashua Aliyoiulizia Bi Kamba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Kamba, mwanamke aliyeshika kamba ya tanga kwa miaka ishirini na sita, kisha akafariki akiwa abiria. Neno hilo, abiria, ni lake mwenyewe. Mimi nalirudisha kwenu kama lilivyo.

Bi Kamba alikuwa mshonaji wa maturubai. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mashua yao ya tanga waliijenga wenyewe nyuma ya karakana, ubao kwa ubao, kwa miaka minne. Mume akishika usukani, mke akishika kamba. Na walikuwa na sheria moja tu: mashua haigeuzwi mpaka mmoja aulize, "Tayari?" na mwenzake ajibu, "Tayari."

Siku moja walikuwa wamenuniana. Mzee akauliza, "Tayari?" Bi Kamba kimya, makusudi. Mzee naye akakataa kugeuza. Mashua ikaenda moja kwa moja hadi kwenye matope, ikakwama. Wakakaa humo saa sita wakingoja maji yajae, kila mmoja akitazama upande wake. Mzee ndiye aliyeshindwa kujizuia, akaangua kicheko. Hivyo ndivyo walivyokuwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mzee alipofika miaka sitini na nne, dada yake Bi Kamba alivunjika mguu. Bi Kamba akaenda kumuuguza juma moja. Aliporudi, akapitia gatini na kikapu chake mkononi. Pale ilipofungwa mashua akakuta boti ya injini, pana, yenye chumba na jiko, zile ambazo watu wa gatini huziita trola. Mzee amesimama juu yake, kofia mpya kichwani, meno yote nje.

"Mashua yetu iko wapi?" akauliza.

"Nimeibadilisha na hii. Tumezeeka, mama. Humu unawasha tu, unakaa, unakunywa chai yako."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka kukushtukiza ufurahi."

"Haya. Umenishtukiza."

Alisalitiwa, wasikilizaji wapendwa. Sitafuti neno laini. Watu ambao hawakugeuza hata chombo bila kuulizana, kisha mmoja wao akageuza maisha yao yote mwenzake akiwa hayupo.

Hata hivyo alipanda. Miaka tisa alipanda trola ile, akakaa kiti cha nyuma na sweta lake, asiguse hata swichi. "Dereva," alikuwa akimwambia mumewe, "tunafika saa ngapi?" Wageni walicheka. Mzee alicheka pia, ila shingo upande.

Mashua je? Mzee alimwambia ameichukua bwana mmoja anayeitunza kama yai. Basi kila mwaka, tarehe ile waliyoishusha majini mara ya kwanza, Bi Kamba aliuliza, "Mashua yetu haijambo?" Mzee akajibu, "Haijambo. Wameipaka rangi ya buluu." Mwaka mwingine: "Haijambo. Wameitia tanga jipya."

Uongo. Hakuna aliyeitaka nzima. Ilipasuliwa mbao mwezi uleule.

Binti yao anatusimulia: "Mwaka wa pili mama aliniomba nimsindikize. Tulipanda basi hadi kwenye yadi ya mbao, mama akaiulizia mashua. Mwenye yadi akashangaa. Akasema, 'Kwani mzee hajawaambia? Si alinisaidia kung'oa misumari?' Mama akamshukuru. Ndani ya basi akaniambia, 'Usimwambie babako kwamba najua. Nataka aseme yeye.'"

Miaka saba baada ya hapo aliuliza. Miaka saba alikuwa anajua. Kila mwaka alimfungulia mumewe mlango, na kila mwaka mzee akaufunga kwa rangi ya buluu.

Mzee aliambiwa haya na binti yake baada ya mazishi. Nilimkuta sebuleni, amekaa na sweta lile mapajani. Nilikwenda na hasira, nakiri, nikarudi bila hasira.

"Bega langu lilikuwa limekwisha," aliniambia. "Upepo ukikaza, usukani ulikuwa unanishinda. Niliona aibu kumwambia. Nikaona heri anione mkorofi kuliko anione nimechoka. Hospitalini, siku tatu kabla hajafa, aliniuliza tena. Wala haikuwa tarehe yake. Nikamwambia haijambo, wameipaka rangi upya. Akanitazama sana. Halafu akageukia ukutani."

Kwa mzee, kwa binti, kwa dada mtu na kwa wote wenye kazi ya mikono ya Bi Kamba kwenye vyombo vyao, tunawapa pole. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu hapo nyumbani anayekuuliza jambo lilelile kila mara, na wewe unamjibu lilelile, punguza sauti ya redio. Mwambie sasa hivi. Sisi tutanyamaza kidogo.