Bahasha Iliyoachwa Langoni
Wasifu wa kaka yetu, Komeo (1979–2025)

Kwenye vitabu vya mpira kaka yetu ameandikwa mara mbili, chini ya bendera mbili, na kila upande umemwekea alama ya kuuliza. Nyumbani kwetu aliandikwa mara moja tu. Alizaliwa Jumapili tarehe 11 Machi 1979 katika hospitali ya wilaya, ghorofa moja juu ya chumba cha kufulia ambako mama yetu alikuwa akifanya kazi. Mama alikunja mashuka hadi uchungu ulipomzidi, akapanda ngazi mwenyewe.

Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yetu alikuwa fundi wa malori, mzaliwa wa nchi jirani, ng'ambo ya daraja. Mwezi wa nane mwaka 1986 alivuka kwenda kumzika mama yake, akasema atarudi baada ya wiki mbili. Ovaroli lake lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango. Kwa mwaka mzima mama alilifua kila mwisho wa mwezi na kulirudisha msumarini. Kisha siku moja akalikata vipande vya kupigia deki. Marehemu aliomba mkono mmoja wa ovaroli, akaujaza matambara, akaukaza kwa kamba. Huo ndio mpira wake wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mbao, kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari ya kutwa hadi 1996. Alikuwa mzuri wa jiografia na mbovu wa kuwahi. Timu ya shule ilikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira iliyowatosha yeye na rafiki yake, basi wakagawana: marehemu akachukua cha kushoto, mwenzake cha kulia. Ndiyo maana akawa beki wa kushoto. Rafiki huyo leo ni kinyozi wa mtaani kwetu, naye yupo hapa. Kwa miaka ishirini amewaambia wateja wake, "Ningewahi kile cha kushoto, mngekuwa mnanyolewa na nani?" Jina la Komeo marehemu alipewa na kocha wa shule, kwa kuwa upande wake ulikuwa haupitiki.

Mwaka 1998 alisajiliwa na klabu ya bandari, na kuanzia mwaka 2001 aliitwa kwenye timu ya taifa ya hapa alipozaliwa. Alicheza mechi tatu, zote za kirafiki. Baada ya hapo alikaa benchi miaka miwili, akibeba chupa za maji na kusubiri. Kwa kuwa hakuwahi kucheza mechi ya mashindano, kanuni zilimruhusu kubadili. Mwezi wa tatu mwaka 2005 alimfuata mama kazini, akamkuta anakunja mashuka, akashika ncha mbili za shuka kama alivyozoea tangu utotoni.

"Mama, wamenipigia simu. Wale wa upande wa baba."

"Kumbe upande wa baba una simu?"

Walikunja mashuka kadhaa. Kisha mama akasema, "Nenda, mwanangu. Miguu ni yako. Ila hiyo jezi usiniletee nikufulie."

Watu walisema alifuata sifa. Wengine walisema hana kwao. Sisi tuliojua mkono wa ovaroli ulikokwenda tulijua alichokuwa akikifuata. Kila mchezaji alipewa tiketi mbili za ndugu zake. Moja marehemu aliigawa kwa yeyote. Nyingine aliitia kwenye bahasha, akaandika jina la baba kwa herufi kubwa, akaiacha kwa karani wa langoni. Alifanya hivyo kila mechi, nyumbani na ugenini. Namba ya kiti aliikariri, na wimbo wa taifa ulipopigwa, wenzake wakitazama bendera, yeye alikuwa akikitafuta kile kiti. Mechi ikiisha alirudi langoni na soksi zake zimeshuka.

"Imechukuliwa?"

"Bado, kaka."

Alirudishiwa bahasha, akaondoka nayo. Ilikuwa hivyo kwa mechi thelathini.

Tarehe 8 Desemba 2007 alimwoa mfamasia, mwanamke asiyejua mpira hata kidogo. Walikutana dirishani kwake, marehemu alipokwenda kununua bandeji. Mfamasia aliuliza anachezea nchi gani, naye akajibu, "Inategemea unamuuliza nani." Wifi yetu huwa anasema alimpenda kwa jibu hilo, akamwonea huruma kwa jibu hilohilo. Mungu aliwajalia mabinti wawili. Ni wifi aliyekuja kumweleza mama habari za bahasha. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Wanakuja kucheza hapa lini?"

Walikuja Jumamosi tarehe 6 Juni 2009, mechi ya kufuzu, na timu ya nchi ya baba ilihitaji ushindi. Mama alitoka zamu ya asubuhi, akapanda basi na kilemba chake cha kazini, akafika lango la wageni.

Karani alisoma bahasha, akamtazama. "Mama, hii ina jina la mwanamume."

"Nimeliona. Ovaroli lake nimelifua miaka."

"Sasa mwenyewe yuko wapi?"

"Ndilo hilo, mwanangu. Kuna mtu analiuliza swali hilo mwaka wa nne sasa."

"Na wewe ni nani wake huyu mchezaji?"

"Mimi ndiye baba yake. Lete."

Karani alicheka, akampa.

Uwanjani ulianza kupigwa wimbo wa wageni. Marehemu aliuimba wote, akikitazama kiti kitupu. Kisha ukaanza wimbo wa wenyeji, na kwenye kile kiti akasimama mwanamke mwenye kilemba cha chumba cha kufulia, akiimba kwa sauti yake yote. Wimbo huo mama ndiye aliyemfundisha marehemu akiwa na miaka mitano, akimsugua magoti kwenye beseni. Midomo ya marehemu ikamfuata mama. Aliimba beti mbili, amevaa jezi ya upande wa pili, na kamera ikawa imesimama mbele yake.

Wengi wenu mnakumbuka yaliyofuata. Mechi iliisha bao moja kwa moja, na bao la kusawazisha la wenyeji lilipitia upande wa kushoto, upande wake. Magazeti ya kule yaliandika kwamba ameuza mechi. Ya hapa yaliandika kwamba msaliti amekumbuka kwao akiwa amechelewa. Shirikisho la kule lilimwita mbele ya kamati, likamtaka aeleze kwa nini aliimba. Alijibu, "Nilikosea." Hakuitwa tena timu ya taifa, na hadi anafariki alikuwa hajaeleza.

Asingeweza kueleza kuwa alimwona mama bila kueleza mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha nani. Baba alikuwa hai wakati huo. Marehemu aliona afadhali yeye aitwe msaliti kuliko jina la baba yake liandikwe gazetini kama la mtu aliyealikwa mara thelathini na moja asitokee. Mwaka huu, akiwa kitandani, aliomba yasomwe leo. Mama amekubali. Basi tunasema mbele ya wachezaji wenzake wa pande zote mbili waliokuja kumzika: kaka yetu hakuuza mechi. Alimwona mama yake.

Jioni ile ya mechi alikuja nyumbani, akasimama mlangoni na begi mkononi. Mama hakumpa pole. Alinyoosha mkono tu.

"Lete hiyo jezi. Imejaa majani."

Aliifua kwa mkono, akaianika uani, mchana kweupe siku ya pili, mtaa mzima ukipita na kuitazama. Jirani mmoja akauliza, "Mama Komeo, na hiyo nayo unaianika?" Mama akamjibu, "Kwani ikiwa mbichi mwanangu atavaaje?"

Baba alifariki Aprili 2012, na marehemu alivuka kwenda kumzika. Alikuta redio ndogo kando ya kitanda, imefungwa kwa waya. Mama yetu wa kule, mke wa baba, alimwambia, "Alisikiliza mechi zako zote. Nikimwambia nenda ukamwone mtoto, anasema, nikifika nitaanzia wapi?" Marehemu aliporudi alisema, "Angeanzia popote. Hata kwa kuuliza saa ngapi."

Alistaafu mpira mwaka 2013, akaajiriwa kuwa mtunza uwanja wa manispaa, kazi aliyoifanya hadi Januari mwaka huu. Alikata nyasi asubuhi na kuchora mistari kwa chokaa, akiongozwa na uzi uliofungwa kwenye vigingi viwili. Mwamuzi mmoja aliwahi kumwambia kwamba mstari wa pembeni umepinda. Akamjibu, "Mwalimu, huu nimeuvuta kwa uzi. Wewe macho yako uliyavuta kwa nini?" Viti vya jukwaani hakuwa akitakiwa kuvisafisha, lakini kabla ya kila mechi alipita na kitambaa, akivifuta kimoja kimoja. Alipoulizwa, alisema mtu hapendi kufika akakuta kiti kina vumbi.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa katika hospitali ileile alimozaliwa. Mama, ambaye amestaafu, alimtembelea kila siku, na kila siku kabla hajamsalimu alishika pindo la shuka. "Hili limesuuzwa mara moja tu." Marehemu alicheka kwa shida. "Mama, nimeletwa kulazwa, sijaletwa kukagua." Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, mama akiwa ameshika mkono wake mmoja, na wifi ameshika wa pili.

Kwenye kabati lake la uwanjani, chini ya mfuko wa chokaa, tumekuta bahasha thelathini zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Ya thelathini na moja anayo mama, ipo kwenye mkoba wake, hapa.

Marehemu ameacha mama, mke, mabinti wawili, na mdogo wake wa kike, msomaji wa maneno haya. Ameacha pia ndugu wa ng'ambo ya daraja waliovuka jana, na mama yao, ambaye leo mama yetu amemwita akae naye kiti cha mbele.

Apumzike sasa, asirudi tena langoni kuuliza. Na huko alikofika akute karani ana bahasha yenye jina lake, kwa herufi kubwa, na mtu ameshakaa anamsubiri.