Bi Kwanini na Kipande cha Arobaini na Nne

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nikikwama mahali mnivumilie, kwani mkono wangu umezoea chuma kuliko karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na kwa wingi wa maswali yake baba alimwita Bi Kwanini, jina ambalo hata mumewe aliendelea kumwita. Alianza shule mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, na miaka miwili baadaye, nilipochomelea bila kioo nikalala macho yamevimba, wengine walinipa pole, yeye akataka kujua mwanga unaumizaje jicho bila kuligusa. Swali hilo lilimfikisha chuo kikuu, akahitimu fizikia tarehe 20 Novemba 1982, akaajiriwa katika maabara ya hapohapo.

Aliolewa tarehe 6 Agosti 1985 na mkutubi wa chuo, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1987 na 1990, na shemeji alizoea kututania kwamba ana mume mwenza wa chuma, mwenye kilo mia mbili.

Chuma hicho ni chungu nilichomchomelea mimi, kisha kikanyonywa hewa yote. Humo dada alipasha moto unga wa asidi amino, yale matofali yanayojenga protini za miili yetu, ukawa mvuke, akaupiga kwa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na kama alivyonieleza kwa subira, miale hiyo hung'oa elektroni moja, molekuli ikabaki na chaji, nyingine zikatikisika hadi zikavunjika, vipande vikakimbizwa kwenye bomba, chepesi kikatangulia, kizito kikafuata, naye akajua uzito wa kila kimoja. Glisaini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote, ina uzito wa sabini na tano, hidrojeni ikihesabiwa moja, na ikivunjika hupenda kuacha kipande cha thelathini.

Mwaka 2003 alitangaza kuwa mwanga unatoa pia kipande cha arobaini na nne, akasifiwa na wenzake wa mbali, jina lake likapelekwa kwenye kamati ya uprofesa. Tarehe 9 Mei 2005, wiki tatu kabla ya kikao, alipunguza joto la tanuri dogo la kupashia unga, mwanga akauacha vilevile, na kipande kile kikakaribia kutoweka, ndipo akaelewa kwamba unga ulikuwa ukiungua na kuvunjika kwa joto kabla ya kufikiwa na mwanga. Nilimshauri anyamaze, funika kombe mwanaharamu apite, akanijibu kwamba iko siku mtu atapunguza moto, afadhali mtu huyo awe yeye. Alitangaza kulifuta andiko lake la mwaka 2003, uprofesa ukamponyoka, na mimi nikamnunia miezi saba nikiona ametuaibisha.

Alirudia vipimo kwa moto mdogo miaka minne, kile cha thelathini kikabaki palepale, na tangu hapo maabara nyingine zikawa zinamtumia unga wao aukague kabla ya kuthubutu kutangaza lolote.

Februari 2023 aligundulika na uvimbe kwenye figo, akawachosha madaktari kwa kuwauliza dawa inavunjikaje mwilini, na tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu bila kuchoka, majirani waliopokezana kumpikia, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao leo wamezima mitambo yote ili waje hapa.

Dada, miaka kumi na tisa nimepita nyumbani kwako, nimekula mezani kwako, na sikuwahi kukuomba radhi. Mbele ya watu wote hawa nasema nilikosea mimi, wewe ulikuwa sahihi. Pumzika kwa amani, dada yangu.