Kinyozi Aliyeuweka Wembe Mezani

Ndugu waombolezaji, marehemu ndiye aliyeniachia ziwa, na historia hii nimeomba kuisoma mwenyewe, ingawa shemeji alisita, maana anajua mimi na kaka tulikuwa hatusemezani, na hasira zangu anazijua.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi mwaka 1966 hadi 1972, na mwaka 1977 akafungua kibanda cha kunyolea, chenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, alichofanyia kazi mpaka alipougua. Tarehe 12 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwezi Juni 1991 jirani yetu fundi saa, yule pale, asikatae, alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja alipoanza kumsema vibaya mama yetu. Marehemu aliuweka wembe mezani, akanawa mikono, akatoka akalizunguka soko zima, fundi akabaki na nusu ndevu na taulo shingoni, mpaka kaka aliporudi, akammalizia upande wa pili bila kumchubua, kisha akamwambia wazi kwamba maneno yale yamemuuma. Tangu hapo neno kujitawala halikumwisha mdomoni. Alitufundisha kwamba anayenyamaza kwa woga hajajitawala, ametawaliwa, na kwamba ukiondoka na hasira zako lazima urudi, la sivyo umekimbia tu.

Aprili 2023 alinikanya mbele ya wakwe zangu, nilipomfokea mke wangu, nami nikasusa kwenda kwake, nikitamba kila mahali kwamba najitawala, kumbe wapi! Mwezi uliofuata akapatikana na saratani ya koo, akamtuma shemeji aniambie kwamba huko ni kununa, si kujitawala, na kwamba ananisubiri. Fundi saa alikwenda kumnyoa kitandani kila Jumamosi, mimi nduguye sikuonekana. Tarehe 8 Februari 2024 nilijikaza nikaenda, nikafika wodini alikolazwa saa nne na robo asubuhi, nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Alikuwa amefariki saa mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wote, na vinyozi wenzake waliofunga vibanda leo kuja kumsindikiza.

Kaka, nilikuja kukuomba radhi nikachelewa, basi nakuomba hapa mbele ya watu, nilikosa mimi, nisamehe. Upumzike kwa amani, kaka yangu.