Akina Novaki wa Kibiti

Kijiwe chenyewe kilikuwa mabenchi mawili ya mbao za mnazi, yamewekwa mbele ya kibaraza cha fundi Tamimu pale Kibiti, mkabala na yanapopumzika malori ya kwenda Kilwa na Lindi. Kila asubuhi Mfaume muuza kahawa alitua jiko na birika lake, akagawa vikombe na kashata, na kabla kahawa haijapoa watu walikuwa wameshakorofishana. Mwaka ule wa tisini na tano mambo ya kubishania hayakukosekana: vyama vingi, bei ya korosho, mitumba, redio za watu binafsi. Lakini wiki ile yote hayo yaliwekwa kando. Kijiwe kizima kilikuwa kinabishania jina la mwenye kibaraza.

Jina lake kamili lilikuwa Tamimu Mohamedi Novaki. Ijumaa iliyopita washenga walitoka Ikwiriri kuja kumposa binti yake Zaitun, na posa ilikwenda vizuri mpaka mzee Bwanaheri, baba wa kijana, alipouliza: “Novaki ni ukoo wa wapi?” Tamimu akajibu wa Mbuchi, kule delta. “Mbuchi tunapajua,” mzee akasema. “Tusiyemjua ni huyo Novaki.” Wakaaga kwa adabu, wakaahidi kurudi Ijumaa inayofuata. Jioni ile Zaitun alimletea baba yake maji ya kunawa, akasimama na jagi mkononi. “Kwani baba, sisi ni watu gani?” Tamimu alinawa mikono iliyokuwa safi tayari. Swali hilo ndilo alilokuwa akishona nalo nguo za watu tangu siku ile.

Alhamisi asubuhi mtu alikuja mbio akivuka barabara.

– Fundi, simamisha cherehani! Nimekuletea ukoo wako!

Alikuwa Soko Huria, kijana wa mitumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hapana jambo duniani asilolieleza kwa soko huria, kuanzia mvua hadi talaka. Alikuwa ametoka kufungua robota jipya. Akatandaza juu ya meza ya Tamimu fulana nyekundu ya michezo. Kifuani imeandikwa Chicago. Mgongoni, herufi kubwa nyeupe: NOWAK.

– Hii si Novaki, – akasema mzee mmoja bila kunyanyuka kwenye benchi. – Hii ni Nowaki.

Huyo ndiye Balozi. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi miaka nenda miaka rudi. Vyama vingi vilipokuja watu wakaacha kumpelekea kesi zao, naye akazihamishia zote kijiweni.

– Wazungu wengine hiyo W wanaisoma V, Balozi. Ni jina hilohilo.

Aliyesema hivyo ni Kilometa, dereva wa lori, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa kuutoa dirishani miaka ishirini.

– Na hii si ya kwanza, – Soko Huria akadakia. – Robota la mwezi uliopita lilitoka Ujerumani, lilikuwa na koti la daktari, limeandikwa Novaki. Juzi kwenye banda la video, picha imekwisha, majina yanapanda, nikamwona Novaki mwingine. Huyo nadhani ndiye aliyeshika taa. Fundi, nyie mko wengi kishenzi! Mmejaa dunia nzima, wewe umekaa hapa unapinda suruali!

– Haba na haba hujaza kibaba, – akasema Balozi.

– Methali hiyo ni ya akiba, Balozi.

– Na watoto si akiba?

Kilometa akaomba kikombe cha pili. Hakupenda kusema jambo koo likiwa kavu.

– Sikilizeni. Mie gari liliniharibikia Tengeru, Arusha, nikalala siku mbili nikingoja spea. Kule kuna makaburi ya Wapolandi. Walikimbia vita ya Hitla, Mwingereza akawaleta huku maelfu, wengi wanawake na watoto. Mlinzi wa yale makaburi ni mtu wa maneno, akanieleza majina yao. Novaki akasema kwao ni kama kusema Mgeni. Mtu akihamia kijijini, hajulikani katoka wapi, wanamwita Novaki. Anakufa, mwanawe anaitwa Novaki, na wajukuu vilevile.

– Kwa hiyo hata kwao ni mgeni! – Soko Huria akajipiga kofi pajani.

– Ndiyo maana ni wengi. Kijiji gani hakikupata mgeni? Kwao jina hilo ni kama Juma hapa. Halafu maisha yakawa magumu, wakatawanyika. Amerika, Brazili, Ujerumani, kote. Sasa mie naona hivi: marehemu Mohamedi, baba yake fundi, alikwenda Tengeru akawa mpishi wa Mpolandi, akarudi na jina la bosi wake.

Tamimu akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

– Vita ya Hitla ilimkuta baba ni mtu mzima, ana jina lake. Amezaliwa nalo. Alizaliwa Mbuchi, mwaka wa pili baada ya manowari ya Mjerumani kuzama.

Hapo Balozi akaweka kikombe chini. Ile manowari kila mtu wa Rufiji anaijua: ilijificha kwenye mikoko wakati wa vita ya kwanza, Waingereza wakaitafuta mpaka wakaipata, ikaishia kwenye tope la delta.

– Basi tumefika, – akasema. – Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyo Novaki ni baharia wa manowari.

– Si ni Mpolandi? Manowari ni ya Mjerumani, – akasema Soko Huria.

– Wakati ule Poland haikuwapo, – Kilometa akajibu polepole, kama mtu anayeona anakopelekwa na hapapendi. – Wakubwa walikuwa wamegawana nchi yao, Mjerumani na Mrusi na mwingine. Mpolandi wa upande wa Mjerumani alivishwa sare ya Mjerumani. Yawezekana.

– Yawezekana, – Balozi akarudia, akashusha sauti. – Sasa fundi, usinichukie. Manowari inazama, baharia anakimbilia kijijini, mtoto anazaliwa. Baharia hana ndoa, bwana. Ndilo wanalolinusa watu wa Ikwiriri. Huyo bibi yako, Mungu amrehemu, aliteleza.

Hakuna aliyecheka. Tamimu alihisi uso wake unawaka. Mnong'ono huo alikuwa akiusikia tangu utotoni, lakini ndiyo mara ya kwanza mtu kuutamka mbele ya kibaraza chake mchana kweupe.

– Ila dawa ipo, – Balozi akaendelea haraka, maana hakuwa mtu mbaya. – Kesho wakija, unawaambia Novaki si jina la kizungu. Ni Nuhu-waki. Yaani watu wa Nuhu! Nabii Nuhu, safina ilipotua, mwanawe mmoja akashuka na mto…

– Mto gani? – akauliza Kilometa.

– Rufiji! Maji si maji? Akashuka na mto mpaka Mbuchi. Nani atakwenda kuthibitisha?

– Mie naona alibadili tu, – akasema Soko Huria. – Jina ni bidhaa, mshikaji. Lisilouzika unalitoa sokoni. Kesho wewe ni Tamimu Mohamedi Ngwale, ukoo bomba, mambo yamekwisha.

Tamimu akatoka nyuma ya cherehani. Kwa kawaida alizungumza akiwa amekaa, tena akiwa na pini mdomoni.

– Silibadili. Baba aliitwa Mjerumani na wenziwe tangu chuoni, wakisoma Kurani. Walimpiga kwa ajili ya jina hili. Alipokuwa mkubwa angeweza kulitupa, hakulitupa. Na mie sitasimama mbele ya wazee nikasema uongo ili mwanangu aolewe, halafu aishi na uongo huo kwenye nyumba ya watu. Kesho wakiuliza nitasema sijui.

– Sijui si jibu la posa, fundi.

– Ndilo nililonalo.

– Samahanini, jamani.

Wote wakageuka. Kwenye kigoda cha wateja alikuwa amekaa bibi mmoja wa makamo, baibui lake limejaa vumbi la safari. Alikuwa ameingia wakati wa mambo ya Chicago na gauni la kupindwa mkononi, akangoja zamu yake, na katika zile kelele hakuna aliyemkumbuka.

– Huyo marehemu Mohamedi, – akauliza, – mama yake aliitwa nani?

Balozi akamtazama Kilometa. Kilometa akatazama lori lake. Soko Huria akaanza kuikunja ile fulana, akaikunjua. Tamimu alifungua mdomo akijua jina litatoka lenyewe, maana hapana mtu asiyejua jina la bibi yake. Halikutoka. Nyumbani kwao walikuwa wakisema “bibi wa Mbuchi” tu. Alifariki kabla yeye hajazaliwa, na baba yake alipohamia Kibiti hakurudi tena delta, wala Tamimu hakuwahi kumuuliza kwa nini.

– Sijui, bibi.

– Mmefika Amerika, – akasema yule bibi. – Mmefika kwa Mjerumani, mmefika mpaka kwa Nabii Nuhu. Mbuchi, mwendo wa kwenda na kurudi, hamjafika. Na mwanamke wa watu mmeshamhukumu, jina lake hamlijui.

Akainuka, akampa Tamimu lile gauni.

– Naitwa Rukaiya. Bwanaheri wa Ikwiriri ni kaka yangu, tumbo moja. Alinituma nije nione nyumba kabla wazee hawajaja kesho.

Balozi alijificha ndani ya kikombe ambacho kilikuwa tupu. Tamimu aliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kigumu, nacho ndicho alichokishika.

– Bi Rukaiya, kesho sitakuwapo. Mwombe mzee Bwanaheri aniongezee Ijumaa moja. Nakwenda Mbuchi.

– Na ukikuta baya?

– Nitarudi na hilo baya, nilieleze mbele yenu.

Bibi akakung'uta vumbi kwenye baibui lake.

– Nenda. Kaka yangu niachie mie.

Siku hiyohiyo Tamimu alifunga cherehani, akamwambia mkewe na Zaitun anakokwenda, akapanda pikapu ya samaki mpaka Nyamisati. Kulipokucha akadandia mtumbwi wa mashine ulioingia kwenye mikoko. Mbuchi walimpeleka nyumba hii na ile. Vijana walisema hawajui, watu wazima wakasema wamesikiasikia. Mwisho akafikishwa kwa Bi Mwatumu, kikongwe aliyekaa kwenye jamvi akipepeta mchele kwa mazoea tu, macho yake yalikuwa yameshazimika. Tamimu alipotaja Novaki, ungo ukasimama.

– Wewe ni wa Kijakazi? – akauliza kikongwe. – Kijakazi binti Amri?

Tamimu akaketi ukingoni mwa jamvi.

– Alikuwa shoga wa mama yangu, – Bi Mwatumu akaendelea. – Mjane, ana konde lake la mpunga. Yule mwanamume alitokea kwenye mikoko miguu imevimba, anatetemeka kwa homa, watu wakamkimbia. Kijakazi akampikia uji. Alipopona akasilimu, mwalimu akawaozesha, watu wakala wali. Mahari alitoa mtumbwi, kauchonga mwenyewe, na mtumbwi wenyewe ulikuwa unalalia upande mmoja! Kaka zake Kijakazi wakakasirika, wakamtenga kwa kuolewa na mtu asiye na kwao. Homa ikamrudia mumewe, akafa mtoto bado anatambaa. Kijakazi akamlea peke yake. Mwanawe alipokua akaondoka kwa hasira na wajomba, asirudi hata kumzika mama.

– Bibi, yule Novaki alitoka wapi? Kwenye manowari?

– Aliulizwa sana hilo. Alikuwa akisema, hapa. Kwenu wapi? Hapa. Mama akisimulia alikuwa akicheka. Zaidi ya hapo hakumwambia mtu, labda mkewe.

Wakamwonyesha makaburi. Yalikuwa mawili, yamekaribiana, nyasi zimeyafunika hata usijue kichwa ni upande gani. Tamimu akaazima panga. Alikata nyasi mchana kutwa, hakumruhusu mtu amsaidie, akasoma Fatiha, na pale ndipo alipolia, kwa ajili ya bibi aliyelala miaka yote hiyo bila mjukuu kumtaja.

Ijumaa ya pili wazee wa Ikwiriri walikaa kwenye mkeka wa Tamimu. Balozi alikuwapo upande wa wenyeji, amevaa kanzu, na amekatazwa kusema. Bwanaheri akarudia swali lake kama alivyoliacha.

– Novaki alikuwa mgeni, – akasema Tamimu. – Mwanamke wa Mbuchi, Kijakazi binti Amri, alimpokea akiwa mgonjwa. Akasilimu, wakaoana, na mahari ilikuwa mtumbwi. Wamezikwa pamoja, makaburi nimeyapalilia kwa mikono hii. Mie ni mjukuu wao. Alikotoka kabla ya hapo sijui, na sitatunga.

Nje gari likapita, likapotea. Bwanaheri akageukia pazia la chumba cha pili, walikokaa wanawake.

– Dada, umesikia?

– Nimesikia, – sauti ya Rukaiya ikajibu. – Na Zaitun amesikia, yuko hapa karibu yangu analia. Endeleeni, wanaume.

Mzee akakuna ndevu, akawatazama wenzake mmojammoja, kisha akamrudia Tamimu.

– Haya, tuzungumze mahari, – akasema. – Ila mtumbwi hatuna.