Bi. Jovita Kasimiri na Kitako cha Bunduki ya Mzee Mustapha

Tarehe 30 Juni 2024, Bi. Jovita Kasimiri anastaafu baada ya miaka ishirini na mwezi mmoja katika Karakana ya Mringaringa, hapa Babati mjini. Aliripoti tarehe 1 Juni 2004 akitokea Muleba, amemshika mkono binti yake Antonia, na patasi zake sita amezifunga ndani ya kanga.

Waliokuwepo wataikumbuka Babati ya wakati ule. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi mpya zinafunguliwa, na kila ofisi inataka meza, makabati na mabenchi ya wageni. Bajaji hatukuzijua. Mbao tulizileta kwa mkokoteni, na vumbi la barabarani likitua kwenye vanishi mbichi, tunakwangua na kuanza upya. Bi. Jovita ndiye aliyetuambia tumwagie sakafu maji kabla ya kupaka. Siku ya kwanza tulimcheka. Siku ya pili tuligombania ndoo.

Ametufundishia mafundi kumi na wanne, tisa kati yao wanawake. Wenye maduka ya rangi wanamwogopa mpaka leo, kwa sababu hunusa kopo mara moja tu na kusema kama vanishi imechakachuliwa. Na hakuna aliyewahi kumwona akikaa kwenye kiti alichokimaliza mwenyewe. Husema kiti ni cha mteja.

Lakini kazi ninayotaka kuisimulia ni ya Novemba 2004, mwezi wake wa sita, akiwa bado kwenye majaribio.

Mzee Mustapha, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko, alituletea kitako cha bunduki ya upepo, ile ya kufukuzia ndege shambani. Chuma alikiacha nyumbani pamoja na kibali chake. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyelinda nayo mtama kule Mutuka kwa miaka mingi. Mzee alitaka kitako kipakwe upya tu, kwa sababu Idd ilikuwa imebaki siku kumi na ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Kondoa. Kazi akapewa Bi. Jovita.

Kesho yake asubuhi alikikuta kitako mezani kwake, kimefunikwa kitambaa, vipande viwili. Kilikuwa kimekatika shingoni, pale mkono unapokamata.

Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Amedeus, hakuuliza sana. Kazi ilikuwa mezani kwa mgeni, basi mgeni ndiye aliyeivunja.

“Sikukivunja mimi,” Bi. Jovita alisema. “Lakini nitakiunga.”

Alipiga magoti akafagia sakafu nzima kwa kiganja, akitafuta vibanzi. Alivipata vitatu, cha nne hakikuonekana. Alitoboa pande zote mbili kwa keekee, akachomeka vijiti viwili vya mbao ngumu ya mkongo, akatia gundi, kisha akakaza kila kitu kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Akakiacha siku mbili bila kukigusa. Pengo la kibanzi kilichopotea alilijaza kwa kipande cha mninga, na kwa kuwa rangi haikulingana, alichemsha kahawa ya kwao Muleba mpaka ikawa nzito, akakipaka kidogo kidogo kwa pamba. Ndipo ukaja msasa, wa kukwaruza kwanza na laini mwishoni, halafu mafuta ya kitani kwa kitambaa, kila siku tabaka moja jembamba.

Mzee Mustapha alifika siku mbili kabla ya Idd, midomo imekauka kwa saumu. Bi. Jovita alimwamkia, akamkabidhi kitako. Mzee akakigeuza, akapapasa upande mmoja.

“Mama, hapa ndipo baba alipokuwa akiweka shavu. Hujapafuta?”

“Hapo sikupeleka msasa, mzee. Nilipangusa tu.”

Mzee alikiinua, akaliweka shavu lake pale pale. Macho yalimjaa machozi. Angeweza kuondoka hivyo, ameridhika, na sisi sote tungepona. Bi. Jovita hakumwacha aondoke.

“Mzee, kuna jambo lazima ulijue. Kilivunjikia hapa kwetu. Nimekiunga shingoni.”

“Mbona sioni?”

“Kipeleke juani.”

Akaenda nacho mlangoni, akakiinamia muda mrefu. Aliporudi aliuliza, “Nani alikivunja?”

“Kimevunjikia karakana, mzee. Karakana inaomba radhi.”

Mzee Mustapha alimtazama, akasema, “Basi karakana ina fundi.” Akakifunga kwenye shuka, akaenda zake. Tangu hapo kila meza na kabati la duka lake alitengenezesha kwetu, mpaka alipofariki.

Hata hivyo Bwana Amedeus aliandika barua ya onyo. Bi. Jovita aliisaini, na kuthibitishwa kwake kazini kukasogezwa mbele miezi sita.

Mzee Mustapha alipouliza nani alikivunja, mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeshika randa, najifanya napiga ubao. Jioni ya siku kilipoletwa nilikuwa nimekiondoa kitako kwenye meza yake ili nipate nafasi ya ubao wangu, kikaniponyoka kikaanguka kwenye saruji. Nilikivunja mimi. Nilikuwa fundi wa miaka minane na msimamizi wa zamu. Nilikifunika kitambaa nikaenda nyumbani.

Nilimwambia mwaka 2010, tukiwa juu ya lori la madawati. Nilitegemea atanifokea.

“Nilijua tangu asubuhi ile, Baba Kindness,” alinijibu. “Wote waliniuliza kimevunjikaje. Wewe peke yako hukuuliza.”

“Mbona hukunisema?”

“Ningesema nini? Sikukuona. Siku ukiweza, sema mwenyewe mbele ya watu.”

Sikuweza. Nilikuwa nimepanda cheo, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo liwe gumu zaidi. Ameendelea kunisalimia kila asubuhi, kunisaidia kuchagua mbao, hata kusimamia mapishi ya harusi ya Kindness wangu. Hakulitaja tena.

Jumatano iliyopita niliandika maelezo yangu kwa mkono, na meneja wa sasa ameyaweka kwenye faili la Bi. Jovita na kuifuta barua ile ya onyo. Nilimpigia pia Bwana Amedeus, anayepumzika kwao Moshi. Akaomba apewe mama huyo azungumze naye. Waliongea karibu nusu saa. Mwanzoni Bi. Jovita alikuwa anasema “hapana, mzee, hapana,” mwishoni nikamsikia akicheka.

Anabaki nasi Babati, nyumbani kwake Maisaka. Tulipomuuliza atafanya nini, alisema atalala mpaka saa mbili asubuhi, kisha ataamka akae kwenye kiti chochote anachotaka.

Mama Antonia, nisamehe. Na asante, kutoka kwangu na kwa karakana nzima. Uende ukapumzike ukiwa na afya, wajukuu wakuzunguke, na kila asubuhi yako iwe ya kwako.

Cornel (Baba Kindness)
Msimamizi Mkuu, Karakana ya Mringaringa