Papa Constantin Kabwe na Fishi Zake

Baba Padri, bapapa na bamama, majirani wa Makomeno na ninyi mliotoka chuo kikuu, mimi ni Syntiche, kitinda mimba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Papa Constantin Kabwe, na sauti ikikatika mnivumilie, kwani tangu Alhamisi nina neno kooni ambalo sina budi kulitoa mbele yenu.

Papa alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili wa Paulin Kabwe, mfanyakazi wa reli, na Mama Léonie, akahama na reli kila baba yake alipohamishwa, akasoma shule ya msingi Kamina toka 1960 hadi 1966, kisha sekondari hapa Lubumbashi, alikopata diploma ya serikali mwaka 1972.

Tarehe 3 Novemba 1975 aliingia kazini katika maktaba ya chuo kikuu, akapewa chumba cha majarida ya kisayansi, akakishika kwa karibu miaka arobaini na sita. Kila jarida lilikuwa na fishi yake, kadi ya karatasi ngumu, na toleo jipya likiingia alilipiga muhuri, akaandika tarehe na neno "imefika", likichelewa akaandika "haijafika", akangoja wiki sita, ndipo akawatumia wachapishaji barua ya kulidai. Mwalimu aliyeulizia toleo lolote alijibiwa, "Iko mu njia," na sisi nyumbani tulimcheka, tukisema siku bukari, ugali wetu, ikichelewa mezani Papa ataidai kwa barua.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mama Victorine katika parokia ya Ruashi, Mungu akawapa watoto watatu, Sylvain mwaka 1982, Myriam mwaka 1985 na mimi mwaka 1990. Mama alitutoka tarehe 2 Juni 2015, na kufikia hapo Sylvain alikuwa Ndola, Myriam Kinshasa, mimi Kolwezi, nyumba ya watu watano ikabaki na sahani moja mezani.

Januari 2018 majarida yaliacha kuja. Papa aliandika "haijafika" kwenye fishi zote, akatuma barua za kudai bila kungoja zile wiki sita, mwezi wa pili akazituma tena, akaenda posta kumgombeza Papa Doudou wa dirisha la vifurushi, akimwambia mbele ya watu kwamba anapoteza mali ya wanafunzi. Alidai hivyo miezi tisa, hadi Septemba, siku Mama Simone, katibu wa maktaba, alipokuta kwenye faili barua ya uamuzi, kwamba bei ya majarida imepanda mwaka hadi mwaka, chuo hakiwezi tena, na yote yamekatwa tangu Desemba. Barua hiyo walipewa wakubwa wa idara, na mkubwa wa chumba chenyewe hakuna aliyemkumbuka. Mchana huohuo Papa alikwenda posta kwa miguu kumwomba Papa Doudou radhi, kisha akarudi kwenye chumba chake, akakaa humo miaka mitatu mingine akifuta vumbi, maana wasomaji walikuwa wamehama, na hata walimu waliozoea kuja kusoma kila Alhamisi hawakupita tena kumsalimia.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021, akaomba apewe kisanduku cha fishi tupu, wakampa. Jirani yetu, Papa Sumaili fundi cherehani, alipomuuliza habari za watoto, alijibu, "Beko mu njia."

Februari 2025 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, kwenye simu akatuambia ni uchovu tu, sisi tukapenda kuamini hivyo, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Oktoba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Papa Sumaili. Myriam alitua uwanja wa ndege wa Luano Jumatano.

Alhamisi, nikitafuta karatasi zake kwa ajili ya mazishi, nilifungua kile kisanduku, nikakuta fishi tatu zimeandikwa, moja Sylvain, moja Myriam, moja Syntiche. Yangu inasema Pasaka 2022, amefika, Noeli 2022, hajafika, Pasaka 2023, hajafika, na kuendelea hivyo hadi chini, kwa mwandiko uleule safi. Majarida aliyadai miezi tisa, sisi hakutudai hata mara moja, na Kolwezi ni safari ya asubuhi moja. Ninaona haya, na haya hiyo ninaisema mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makomeno, na zaidi Papa Sumaili aliyekuwa mtoto wake wakati watoto hatupo, Papa Doudou aliyesamehe na leo yuko nasi, Mama Simone aliyemwambia ukweli, na wenzake wote wa maktaba, hata waliosahau, kwani sisi wa damu hatuna mdomo wa kuwalaumu.

Papa, leo asubuhi, tarehe 18 Oktoba 2025, kabla jeneza halijafungwa, tumechukua kalamu yako, kila mmoja ameandika kwenye fishi yake "amefika", tumekuwekea zote tatu mfukoni, upande wa moyo. Tumechelewa, Papa, lakini njiani hakuna aliyebaki, basi usingoje tena, pumzika kwa amani.